Mto Unaohama: Stori ya Tana Ambayo Darasani Hatukuimaliza

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu yako. Tafuta Garissa, halafu ufuate Mto Tana kwenda chini, polepole, hadi Bahari Hindi. Usikimbie. Utapita Bura, utapita Hola, utapita Garsen, na kadiri unavyokaribia bahari utaona kitu kama uzi uliochezewa na paka. Mto unaenda kushoto, unarudi kulia, unajikunja mpaka unakaribia kujigusa, kisha ni kama unakumbuka ulikuwa na safari. Pembeni utaona vipande vya kijani kilichokolea, vina umbo la herufi U, vimelala peke yao. Hivyo vipande vilikuwa mto. Mto ulivihama.

Kila mtu aliyesoma jiografia Kenya amewahi kuchora hii kitu. Unachora kona, unachora shingo, shingo inakatika, ziwa linabaki. Mwalimu anaweka tiki, mnaendelea na volkano. Hakuna aliyetuambia kwamba ule mchoro una anwani, kwamba uko kwenye kaunti yenye watu, na kwamba nusu ya historia ya watu hao ni serikali moja baada ya nyingine kuja na rula na kujaribu kuambia mto ukae mahali pamoja.

Hiyo ndiyo nataka tuongee leo. Chukua chai.

Kwanza mto wenyewe. Tana ndio mrefu kuliko yote Kenya, kilomita kama 1,000. Unaanzia Mlima Kenya na Aberdare, kwenye baridi na majani chai, na huko juu una haraka: unaruka maporomoko, unachonga mawe, unabeba udongo mwekundu wa mashamba ya watu. Ukifika Garissa haraka imeisha. Mji wa Garissa uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Ili upate picha, jengo la KICC lina urefu wa mita kama 105. Yaani maji yakiwa Garissa yamebakiwa na mteremko wa KICC moja na nusu, na lazima yaugawe huo mteremko kwa mamia ya kilomita za kona. Tena njiani hakuna mto mwingine wa maana wa kuyasukuma. Kuanzia hapo ni laga tu, zile njia za maji zinazojaa mvua ikinyesha, kisha zinabaki mchanga.

Mto usio na mteremko haupigani na chini, unapigana na pembeni. Kwenye kona, maji ya upande wa nje yanakimbia zaidi na yanakula ukingo. Maji ya upande wa ndani yanazubaa, yanaangusha mchanga na tope. Kwa hivyo kona inazidi kuwa kona. Kila msimu ukingo mmoja unapungua na wa pili unaongezeka. Shamba la mtu linamegwa upande huu, na upande ule inazaliwa ardhi mpya ambayo mwaka jana haikuwako. Kona mbili zikikaribiana sana, katikati inabaki shingo nyembamba. Halafu yanakuja mafuriko makubwa, maji yanaona hii kuzunguka yote ni ya nini, yanapita katikati. Kona ya zamani inazibwa midomo na tope. Hilo ndilo ziwa lako la kidato cha pili.

Kuna sehemu nyingine ambayo mimi nilikuja kuielewa nikiwa mkubwa, na ndiyo muhimu kwa stori hii. Mto ukifurika, mchanga mzito unaanguka kwanza, palepale ukingoni. Tope laini linaenda mbali. Fanya hivyo kwa mamia ya miaka, ukingo unakuwa tuta, na mto unajikuta unatembea juu ya tuta lake, nyanda za pembeni ziko chini yake. Sasa siku ukivunja ukingo, si lazima urudi. Unaweza kushuka ukaanza maisha mapya kilomita kadhaa mbali, na kijiji kilichokuwa kando ya mto kinaamka kiko kando ya mtaro mkavu.

Wapokomo wameishi na tabia hii kwa karne nyingi, na ukiangalia jinsi walivyopanga maisha yao utaona walikuwa wanajua kabisa wanaishi na nani. Vijiji vilikaa juu ya yale matuta ya ukingoni. Mashamba ya ukoo yalitoka kwenye mto yakaingia ndani kama vipande virefu, ili kila familia ipate kidogo cha kila kitu: mchanga wa ukingoni kwa ndizi na maembe, na bondeni kwenye tope mpunga. Mafuriko yalikuja mara mbili kwa mwaka, ya masika kuanzia Aprili na ya vuli mwezi wa Novemba, na mpunga ulipandwa kwa hesabu ya maji hayo. Mafuriko hayakuwa janga, yalikuwa kalenda. Maji yakirudi mtoni, maziwa kama Shakababo na Bilisa yanabaki yamejaa kambare.

Upande wa pili wa kalenda hiyohiyo ni Waorma na ng'ombe wao. Mvua ikinyesha wanaenda mbali na mto, nyasi ziko kila mahali. Kiangazi kikikaza wanarudi, kwa sababu kutoka Garissa hadi baharini maji ya uhakika ni hayo tu. Njia zao za kufika mtoni katikati ya mashamba zinaitwa malka. Malka si barabara ya kuchorwa na serikali. Ni makubaliano: mfugaji anapita hapa, mkulima hapandi hapa. Sasa fikiria makubaliano ya namna hiyo na mto ambao unaweza kuhama. Kila ukihama, wazee wa pande mbili lazima waketi chini tena. Sisemi kulikuwa na amani kila siku, walipigana pia, tena vibaya. Nasema tu kwamba mfumo wao ulikuwa na nafasi ya mto kubadilisha mawazo.

(Na kabla hujaniambia haya ni mambo ya mbali na wewe: wimbo wa taifa ulioimba shuleni tangu ukiwa mdogo, sauti yake inatoka kwa wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliimbia watoto walale. Mzee Meza Galana wa Tana River anatajwa kuwa miongoni mwa waliochangia kutengenezwa kwake kabla ya uhuru wa 1963. Kwa hivyo ukisimama wima Jumatatu asubuhi, unasimamia mto huu.)

Wa kwanza kuujaribu mto kwa jembe walikuwa Waswahili wenyewe, na walipata zaidi ya walichotaka.

Karne ya 19, Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, alikuwa ametoroka Pate baada ya kukosana na utawala wa Zanzibar. Akajenga mji wake msituni, ukawa pia kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Mji kama huo unahitaji biashara. Wakati huo Tana ulikuwa unaingia baharini kusini-magharibi mwa Kipini, kwenye ghuba ya Ungwana, mahali pana mawimbi na mafungu ya mchanga, pabaya kwa chombo kidogo. Lakini Kipini kulikuwa na mto mwingine mfupi, Ozi, wenye mdomo mzuri na bandari ndogo ya Kau ndani yake. Huu ndio ule upande wa Fumo Liongo, ambaye kaburi lake watu wa huko wanasema liko hapohapo Kipini. Basi watu wa Witu wakachimba mfereji mwembamba kutoka Tana hadi Ozi, ili mitumbwi ya mpunga na pembe ipite bila kugusa bahari. Mfereji unaitwa Belezoni.

Mitumbwi ilipita. Halafu mto nao ukaona: kumbe kuna njia fupi. Maji yakaanza kuingia mferejini, yakaupanua, yakaula kingo, mwishowe Tana wote kwa sehemu kubwa ukahamia huko na kutokea Kipini. Kile kitabu kilichokuambia Tana unaishia Kipini hakikukosea, ila hakikukuambia kwamba ni watu wenye majembe walioufungulia mlango. Mdomo wa zamani ukabaki na maji machache ya kwake na mikoko. Ni mojawapo ya kazi za uhandisi zilizobadilisha zaidi ramani ya pwani yetu, na sidhani kama kuna hata kibao pale.

Wazungu waliokuja baadaye waliona kitu kingine kabisa. Wao waliona barabara. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipanda Tana mwaka 1878, na 1885 wakapata mkataba na Simba, Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Hesabu ilikuwa rahisi: mto mrefu, unatoka mlimani, utatufikisha ndani ya Afrika. Miaka 5 baadaye Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu kwenye ule mkataba wa 1890 uliohusu pia Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Nao Waingereza, mwaka 1891, wakapeleka meli ya gurudumu iitwayo Kenia, nahodha Dundas, ikapanda hadi karibu na Hameye. Ilifika, ndiyo. Lakini jiulize kufuata kona zote hizo, na mafungu ya mchanga ambayo wiki ijayo hayatakuwa yalipokuwa wiki hii, kungekuwa na faida gani. Mwaka 1896 walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na Tana ukaachwa.

Ungedhani basi, mto umeshinda. Lakini wakoloni walirudi, safari hii na wazo la umwagiliaji, na hapo ndipo stori inakuwa nzito.

Hola. Jina hili tumelisikia, liko kwenye mtihani. Unaandika "mauaji ya Hola, 1959", unapata alama yako. Ila swali ambalo nilikuwa najiuliza ni: kwa nini Hola? Kwa nini watu kutoka mlima wa baridi walipelekwa kufungwa kwenye joto la Tana, karibu na mahali ambapo wengi wao hawakujua hata jina lake?

Jibu ni mto. Mwaka 1953, hali ya hatari ikiwa imetangazwa mwaka uliotangulia, serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa umwagiliaji hapo. Ardhi ni tambarare, maji yapo, udongo wa mafuriko ni mzuri. Kilichokosekana ni mikono, na serikali ilikuwa na maelfu ya mikono kizuizini. Wafungwa wa Mau Mau wangechimba mitaro na kulima, na kazi hiyo ingeitwa kurekebishwa tabia. Waliokataa ndio walioitwa wakaidi. Hoja ya waliokataa ilikuwa ya akili kabisa: sisi ni wafungwa wa kisiasa, hatujahukumiwa na mahakama yoyote, hamuwezi kutulazimisha kazi.

Tarehe 3 Machi 1959, kwa mpango uliokuwa umeandikwa na kukubaliwa na wakubwa, wafungwa hao walitolewa wakalazimishwe kufanya kazi ya mradi. Walipokataa, walipigwa na askari. 11 walikufa, na wengi zaidi wakajeruhiwa vibaya.

Sasa sikiliza taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini. Ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji. Soma tena. Watu walipelekwa kwenye nyanda kame kulazimishwa kuhamisha mto uende shambani, walipokataa wakauawa, na aliyelaumiwa ni maji. Uchunguzi wa vifo ndio uliosema ukweli, kwamba ni kipigo. Bunge la Uingereza likabishana usiku kucha mwezi wa Julai, na aliyesimama kulaumu serikali vikali alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Baada ya uhuru mradi ukaendelea, watu wakapewa mashamba, pamba ikalimwa. Mashine zilisimama ukingoni zikivuta maji kutoka Tana na kuyamwaga kwenye mitaro. Mwaka 1989, miaka 30 baada ya wale 11, mto ukabadilisha njia. Mashine zikabaki zimetazama mchanga, mradi ukaanguka.

Mimi hapa ndipo huwa nanyamaza. Mto ulifanya tu kazi yake, ile ya kwenye mchoro wetu wa darasani. Kona ilichoka kuwa kona. Lakini kuna watu walipigwa hadi kufa kwa ajili ya mitaro ambayo mto haukuwahi kuahidi kwamba utaendelea kuijaza. Na wakulima waliokuwapo 1989, ambao hawakumpiga mtu yeyote, ndio waliolipa: pamba ilikauka, watoto wakatoka shule. Baadaye sana serikali iliufufua mradi, na leo mashamba ya Hola yana kijani tena. Mto bado uko karibu, bado unapinda.

Bura nitaipitia haraka kwa sababu ukishaelewa Hola umeielewa. Mwisho wa miaka ya 1970 Kenya na Benki ya Dunia walipanga mradi mkubwa zaidi kaskazini ya Hola, familia kutoka pande zote za nchi zikaletwa kuanzia 1981. Maji yalikuwa yaje yenyewe kwa mteremko kutoka juu, pesa zikawa hazitoshi, zikawekwa mashine za dizeli kwa muda. "Kwa muda" ikawa miaka mingi sana. Mashine ikiharibika msimu unakufa. Nako delta, karibu na Garsen, TARDA ikajenga mradi wa mpunga wenye matuta ya kuzuia mafuriko, tena ya kisasa. El Niño ya 1997 ikafika. Mnakumbuka jinsi wazazi wetu wanavyoitaja El Niño, kama jina la mtu aliyewahi kuwakosea? Matuta yale yalisombwa.

Kitu pekee ambacho kimeweza kuutuliza mto kweli hakiko huko chini. Kiko juu, na wewe unakitumia ukichaji simu. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988: mabwawa matano yaliyopangana kama ngazi kwenye Tana, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya stima ya Kenya ilitoka hapo. Mimi si mtu wa kulaani stima, naandika hii nikiwa na taa. Lakini bwawa linafanya vitu viwili kwa mto wa chini. Linazuia mafuriko ya kawaida, yale ya kalenda, ili lijaze tumbo lake. Na linazuia tope. Halafu likijaa kupita kiasi linaachilia maji kwa wakati wake, si kwa wakati wa mpunga. Kwa hivyo watu wa chini wamepata mafuriko machache madogo waliyokuwa wanayahitaji, na bado wanapata yale makubwa wasiyoyahitaji. Mwaka 2024 mliona Garissa, mliona barabara ikiwa chini ya maji na watu wakivuka kwa boti.

Nairobi nayo? Wueh. Maji yako ya bomba, kama una bahati ya kuyaona wiki hii, kwa sehemu kubwa yanatoka bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, na Mto Thika ni mtoto wa Tana. Ukishaoga, maji hayarudi Tana. Yanaingia Mto Nairobi, yanaingia Athi, yanaitwa Galana, yanaitwa Sabaki, yanatokea baharini karibu na Malindi. Sisi wa mjini ni mfereji wa Belezoni wa pili, tofauti ni kwamba hatujui tumechimba.

Na mto ukitulia sana, kuna vitu vinakufa taratibu. Kando ya Tana ya chini kuna vipande vya msitu wanamoishi mbega wekundu na kima wenye kishungi ambao hawapatikani kokote kwingine duniani. Hifadhi yao ilitengwa 1976. Miti ya msitu ule inahitaji ardhi mpya, ile inayozaliwa upande wa ndani wa kona, na inahitaji mafuriko kuinywesha. Yaani msitu unaishi kwa sababu mto unahama. Huko Ozi nako, wakulima wa mpunga wanalia na maji ya chumvi: mto ukipungua nguvu, bahari inapanda na kuingia mashambani.

Sasa tuongee mipaka, maana hapa ndipo rula inaumiza zaidi.

Kati ya kaunti ya Tana River na Garissa kuna ubishi wa miaka mingi. Upande mmoja unasema mpaka ni mto wenyewe. Upande mwingine unasema hapana, mpaka uko maili 3 mashariki ya mto, kama ulivyowekwa enzi za mkoloni. Kila uchaguzi, kila hesabu ya watu, kila shule ikijengwa, ubishi unaamka. Nami nikiwasikiliza nabaki na swali dogo la kijinga: maili 3 kutoka mto upi? Wa mwaka gani? Ule wa kabla ya mafuriko ya 1961 au wa baada ya El Niño? Ukisema mpaka ni mto, mto ukikata kona moja usiku, kuna watu wamelala Tana River wakaamka Garissa bila kutoka kitandani.

Na si mambo ya kuchekesha. Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, watu zaidi ya 40 wakauawa asubuhi moja, wengi wao akina mama na watoto. Kufikia Januari 2013 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Televisheni ilisema "mzozo wa makabila", ikaenda matangazo. Kulikuwa na siasa ndani, uchaguzi wa kaunti za kwanza ulikuwa miezi michache mbele, hilo halifichiki. Lakini chini ya siasa kulikuwa na ardhi ya ukingoni, mashamba yaliyopandwa kwenye malka, ng'ombe walioingia mashambani, hati za ardhi ambazo mwingine anazitaka na mwingine anaziogopa. Hati inasema ardhi hii ni yako kutoka hapa hadi pale, milele. Mfugaji anasikia kwamba njia yake ya maji imefungwa milele. Mkulima anasikia kwamba ndizi zake zimelindwa milele. Mwaka huohuo wa 2012 Delta ya Tana iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na nina uhakika wengi waliokuwa wakikimbia vijiji vyao hawakusikia habari hiyo.

Wazee wa pande zote mbili walirudi kukaa chini, na kukawa na kazi ya kupanga matumizi ya ardhi ya delta, wapi mashamba, wapi malisho, wapi ng'ombe wapite. Mimi naona hiyo ndiyo kazi ya maana zaidi kuliko mpaka wowote, ingawa haina kamera. Ila mpango ukichorwa kwenye karatasi ya mwaka mmoja, hata uwe mzuri vipi, nitauliza swali langu lilelile la maili 3.

Kama una babu au nyanya wa Ngao, Wema, Hola, Bura, popote kando ya Tana, mpigie wikendi hii. Muulize mto ulikuwa unapita wapi alipokuwa mtoto, na leo uko wapi. Muulize na majina ya vijiji vilivyohama, na malka zilizofungwa. Nataka kuziweka kwenye ramani moja, na za Waorma na za Wapokomo, kabla hayajatufikia mafuriko mengine.